Yah: Malalamiko kuhusu kihisi joto cha mashine ya kukaushia nguo na kauli ya fundi wenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ninakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata kwa fundi mliyemtuma. Fomu aliyoijaza mnayo, na masharti ya waranti mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitayarudia hapa.

Mashine inapata joto kupita kiasi, kisha inazima katikati ya kazi na kuonyesha alama ya hitilafu ya kihisi joto. Alama hiyo sikuitunga mimi. Nguo zinatoka nyingine za moto wa kuunguza mkono, nyingine bado mbichi, na vifungo vya plastiki vya shati vimepinda. Fundi alipofungua mfuniko wa nyuma, nilimwomba kwa adabu akipime kihisi kwa mita aliyokuja nayo. Hakupima. Alichomoa chujio la nyuzi, akaliona safi, akalirudisha, akaniambia mbele ya wanangu: "Mama, mashine ni nzima, tatizo ni mtumiaji." Kisha akaandika "kosa la mtumiaji" kwenye fomu na kunisogezea kalamu nitie saini.

Naomba mnieleze alilijuaje kosa hilo bila kupima kitu. Ukinzani wa kihisi cha aina hii, yaani kiasi kinavyozuia umeme, unaopimwa kwa omu, hushuka kadiri joto linavyopanda: kwenye nyuzi 25 za Selsiasi kinatakiwa kisome takriban omu 10,000, na kwenye nyuzi 60 kishuke hadi omu 2,500 hivi. Fundi wa nje niliyelazimika kumwita kwa gharama yangu alichomoa plagi ukutani, akasubiri mashine ipoe, akatenganisha kiunganishi cha kihisi na kupima. Mita ilisoma zaidi ya omu 40,000, na waya ulipotikiswa kidogo tu, namba zikarukaruka. Maana yake bodi inayoongoza mashine inadanganywa kwamba ndani ya pipa kuna baridi ya barafu, nayo inaiacha hita iendelee kuwaka mpaka kinga ya joto iikate. Pini moja ya kiunganishi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia kwa kuungua, jambo ambalo mtu mwenye macho angeliona hata bila mita.

Na huyo aliyeandika "kosa la mtumiaji" hakuwa fundi wenu wa kwanza. Aliyemtangulia alikuta fyuzi ya joto imekatika, akaweka mpya na kuondoka, bila kujiuliza ni kitu gani kiliikata ya kwanza. Fyuzi hiyo hukatika pale joto linapovuka kiwango cha usalama, na kuibadilisha huku chanzo kikiachwa ni kungoja ikatike tena. Ndani ya mashine hizi hujikusanya nyuzi laini za nguo, nazo zikikutana na hita isiyodhibitiwa zinashika moto. Mnalifahamu hilo vizuri kuliko mimi, na ndiyo sababu ukimya wenu unanikasirisha.

Narudi kwenye kauli ile, kwa sababu nikiikumbuka damu inanichemka. Mita alikuwa ameishika mkononi. Kiunganishi kilikuwa mbele ya macho yake, nami nilikionyesha kwa kidole. Alinitazama, akatabasamu, akamgeukia mwanangu mkubwa kana kwamba mimi sipo, ndipo akasema tatizo ni mtumiaji. Nilipokataa kutia saini uongo huo, aliandika chini yake "mteja amekataa kushirikiana", akafunga mfuniko huku skrubu mbili zikibaki sakafuni. Nyumbani kwangu, mbele ya watoto wangu, nilifanywa mtu asiyejua kutumia kitu alichokinunua kwa fedha zake.

Awali nilikusudia kuomba kihisi kipya na kiunganishi chake, basi. Lakini nilipopiga simu, mhudumu wenu alinisomea maneno ya fomu ile ile kama ushahidi dhidi yangu, akasema waranti haihusiki. Kwa hiyo sasa ninadai mashine nyingine, kwa kuwa hii imepashwa joto kupita kiasi mara nyingi mno na siiamini tena chini ya paa ninapolala na wanangu. Ninadai pia nirudishiwe gharama ya fundi wa nje, maneno "kosa la mtumiaji" yafutwe kwenye kumbukumbu zenu, na fundi huyo aniombe radhi kwa maandishi, barua hiyo ikiwa na saini yako pia.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya kupokelewa kwa barua hii, nitaipeleka kwa mamlaka ya kulinda walaji pamoja na picha za kiunganishi kilichoungua, vipimo vya mita na nakala ya fomu yenu. Wakili wangu ameshazisoma. Kihisi chenyewe ninacho, kimefungwa kwenye bahasha, na sitamkabidhi fundi wenu yeyote bila kuandikiana.

Wako,
Mteja mwenye mashine iliyotajwa kwenye fomu