Barua ya wazi kwa vijana wa vyuo vya afya kusini: kabla hamjatoka kupima watu mwezi Novemba

Wajukuu zangu wanafunzi wa vyuo vya afya Mtwara na Lindi, na ninyi wanangu wakufunzi mliohamishiwa huku mwaka huu wa fedha,

Salamu nyingi kutoka Mikindani. Natumaini masomo yanakwenda, na waliohamia wameshapata nyumba.

Tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani, na ni kawaida ya vyuo na hospitali kufunga mahema na kupima watu presha na sukari bure. Ni kazi njema, naiunga mkono kwa moyo wote. Ila nina neno, na nataka mlishike kabla hamjaagiza fulana: msimpime mtu ambaye hamjui atatibiwa wapi. Mama wa Nanguruwe akiambiwa presha yake ni 178 kwa 104, akapewa kikaratasi kilichoandikwa "nenda hospitali", mmempa hofu tu ya kurudi nayo nyumbani. Hospitali ipi? Siku gani? Amuulize nani?

Kwa hiyo wiki mbili kabla, watu wawili wazunguke kwa waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya vya eneo mtakalopima. Waulize mambo machache: amlodipini ya presha ipo? Metfomini ya sukari ipo, na inakwisha lini? Kliniki ya presha na sukari ni siku gani ya wiki? Wasio na bima wanalipa nini? Majibu hayo yaandikwe kwenye kadi ya rufaa kwa herufi kubwa, pamoja na namba iliyopimwa na saa. Zahanati isiyo na dawa msimpeleke mtu huko; mwandikieni kituo cha afya, au hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, ikibidi. Na mganga mfawidhi aliyeambiwa mapema atawapokea wagonjwa wenu vizuri kuliko yule aliyeshtukizwa Jumatatu na foleni asiyoijua.

Sasa presha. Makosa mengi ninayoyaona kwenye mahema yanapandisha namba, na mtu mzima wa afya yake anarudi nyumbani akiitwa mgonjwa. Mtu ametembea juani kutoka shamba, anakalishwa, anafungwa mkanda hapohapo. Akae dakika 5 kwanza, kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu haijapishana. Kama amekunywa kahawa au amevuta sigara ndani ya nusu saa, asubiri. Mwulizeni kama anataka kwenda haja ndogo, maana kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Ukining'inia chini namba inapanda. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, siyo juu ya shati wala baibui. Wakinamama wengi watahitaji faragha kwa hilo, basi shuka lining'inizwe mapema.

Ukubwa wa mkanda ndio unaosahaulika kuliko yote. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima unafaa mkono wenye mzunguko wa takribani sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukibanwa na mkanda mdogo, presha inasomeka juu kuliko ilivyo. Kila hema liwe na mkanda mkubwa angalau mmoja, na futikamba ya fundi cherehani mezani. Pimeni mara mbili, mkiacha dakika moja au mbili katikati, na wakati huo asizungumze, wala ninyi msimhoji. Naona wanafunzi wakiuliza jina na kijiji huku mashine inajaza upepo. Maswali yaishe kwenye meza ya kujiandikisha.

Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, msiseme "una ugonjwa wa presha". Semeni imesoma juu leo, inapaswa kurudiwa siku nyingine. Ikifika 180 kwa 110, mpumzisheni mpime tena. Ikibaki hapo aonwe na daktari siku hiyohiyo. Na kama ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, haoni vizuri au upande mmoja wa mwili umelegea, hakuna kusubiri kurudia kipimo: gari liwepo, dereva asiwe ameenda kula.

Fanyeni hesabu kabla. Kwa utaratibu huo mashine moja inahudumia watu kama 12 kwa saa. Mkitarajia watu 300 kwa saa 6, mnahitaji mashine 5 zinazofanya kazi na moja ya akiba, betri za ziada, na viti vya kupumzikia visivyopungua 10. Anzeni saa moja asubuhi. Novemba watu wako kwenye korosho, na aliyekwisha kwenda shambani hamtampata tena mpaka jioni. Ikiangukia Ijumaa, kuanzia saa sita punguzeni kasi, wanaume wanakwenda msikitini.

Kwenye sukari kuna jambo la kwetu hapa ambalo vitabu vya kigeni haviwaambii. Msimu wa korosho ni msimu wa mabibo. Mtu ametoka kuokota, vidole vimekauka maji ya bibo, haonekani kuwa na uchafu wowote, mnamtoboa na mashine inasoma 14 (milimoli kwa lita). Sukari hiyo ni ya bibo. Embe nayo ni hivyo hivyo. Spiriti peke yake haitoshi kuiondoa; anawe kwa sabuni na maji, akaushe kabisa kwa karatasi au kitambaa safi. Ndoo mbili za maji zenye bomba ziwe mlangoni mwa hema, kabla ya meza ya sukari. Maji yakiisha kabisa, futeni tone la kwanza kwa pamba kavu mpime la pili. Toboeni ubavuni mwa ncha ya kidole, ambako hakuumi sana, na msikikamue kwa nguvu, maana majimaji ya nyama yanachanganyika na damu.

Stripu za kupimia sukari zinaharibiwa na joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili. Nyingi zinataka kukaa chini ya nyuzi 30. Zisiachwe ndani ya gari, na kopo lifungwe kila mnapotoa moja. Andikeni juu ya kopo tarehe lilipofunguliwa. Asubuhi kila mashine ijaribiwe kwa maji yake ya kupimia ubora kabla ya mtu wa kwanza.

Aliyekula akisoma 11.1 au zaidi na ana kiu, mkojo mwingi na kukonda, aende hospitali mara moja. Asiye na dalili arudie kwa kipimo cha maabara. Chini ya 3.9, kama anameza vizuri, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji na apimwe tena baada ya dakika 15. Msimwache aondoke kwa baiskeli.

Kitobozi ni kimoja kwa mtu mmoja, na kinatiwa kwenye sefti boksi, boksi gumu la kutupia vyenye ncha kali, kwa mkono uleule uliotoboa. Boksi likifika robo tatu lifungwe. Mwaka wa kwanza wasitoboe mtu. Waandikishe, wapange viti, wachote maji. Atakayejichoma aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, atoe taarifa palepale. Dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na zinamezwa siku 28. Kijana anayeficha kwa aibu ya kugombezwa, kosa ni la msimamizi wake.

Kisha kuna wanaume watakaokaa pembeni mpaka foleni iishe. Hawakuja kwa presha. Huku kwetu matende na mabusha yapo, na wengi bado wanaamini busha linaletwa na madafu. Waambieni kwa upole kwamba ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Waambieni pia ukweli kwamba ivermektini na albendazoli za kugawiwa vijijini zinazuia maambukizi, ila busha lililokwishakuwa kubwa haziliondoi. Hilo ni la upasuaji. Tengeni chumba chenye mlango na mhudumu wa kiume mwenye umri kidogo. Shikamoo itangulie. Tochi ikipitisha mwanga mwekundu kwenye uvimbe, mara nyingi ni maji. Usipopita, au uvimbe ukirudi ndani akilala, fikirieni ngiri. Ukiwa mgumu, unauma ghafla na anatapika, ni hospitali saa hiyohiyo. Mwenye matende mfundisheni kuosha mguu kila siku kwa sabuni, kukausha katikati ya vidole, kutibu mipasuko na kuuinua anapokaa. Mguu ukiwa wa moto na ana homa, msiukande.

Nimalizie kwa wakufunzi. Tangazo la uhamisho likisema tu fulani ameondoka na fulani amewasili, halijamsaidia mgonjwa. Liseme nani sasa anashika kliniki ya sukari, nani anafuatilia rufaa za upimaji, na namba ya simu ya ofisi, siyo ya mtu, maana mtu anahama na laini yake. Makabidhiano yafanywe ana kwa ana mbele ya daftari la rufaa, jina kwa jina: huyu alifika kituoni, huyu hakufika, huyu apigiwe. Wiki mbili baada ya upimaji wote wasiofika wapigiwe simu, na wasio na simu watafutwe kupitia mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chao. Pamoja na daftari zikabidhiwe mashine, tarehe ya mwisho ya kuhakikiwa, na ufunguo wa kabati la dawa.

Mzee wenu,
Muuguzi mstaafu, Mikindani