Mbegu zako, shoga yangu

Wete, Pemba
Oktoba

Shoga yangu,

Assalaamu alaykum. Sie wazima. Mama mguu umepoa, anakusalimu na anauliza utakuja lini. Barua imefika, na picha ya uzio wako ulivyofunikwa na maua ya rangi ya waridi ya ule mmea wako wa jamii ya njegere, Lathyrus latifolius, hata mbao hazionekani. Nimeona wivu, kisha nikacheka peke yangu. Ngoja nikupe khabari za mbegu zake ulizoniletea.

Zilikuwa 12, ngumu kama changarawe. Nikafanya ulivyoniagiza: nikazikwangua kidogo kwa mkasi wa kucha, nikazilaza kwenye kikombe cha maji, asubuhi nikapanda 7. Ilikuwa Juni, masika yamekwisha, nikitaraji kibaridi cha kipupwe kitazidanganya. Zikaota 4. Moja kuku kaila. Tatu zikapanda kwenye fito, na wallahi nilizipenda: shina bapa, lina mbawa huku na huku kama utepe, na majani yanatoa vikono vyembamba vinavyojizongomeza kwenye chochote, hata kamba yangu ya kuanikia. Zilipofika magotini zikaanza kupiga manjano toka chini. Septemba nikang'oa vijiti vikavu. Mmea wako umezoea kulala baridi yote, juu umekufa, chini mzizi unangoja. Hapa nani ataulaza?

Ila kuna moja sijakusamehe. Mbona hukunambia kama maua yake hayanukii? Nimesoma kwamba anayenukia ni nduguye, yule wa mwaka mmoja, ambaye mtawa Francesco Cupani wa Sicily alimpelekea Mwingereza mbegu zake mwaka 1699. Mtawa kampa mwenziwe ua linalonukia. Wewe, tuliyekua pamoja, umeniletea bubu! Nilitie vipi kwenye kikuba?

Mwasumini wangu uko pale pale ukutani, unakunywa maji ya udhu. Alasiri nauchuma, vitumba bado vimefumba, vyeupe, navifunika kwa kitambaa kibichi kwenye sahani. Ukichelewa mpaka magharibi vimeshafunguka, sindano inavichana. Natunga na rehani, mkadi nikiupata. Halafu tunakaa barazani, na baada ya isha ndipo vinapopasuka kimoja kimoja kwenye uzi, nyumba nzima inajua. Ukimaliza kuchanua naukata matawi bila huruma, ndiyo siri yake yote.

Sasa la kuhama kwako. Unasema utauchimba mmea wako uende nao nyumba mpya. Usijisumbue. Vijiti vyangu vya miezi mitatu, nilipoving'oa, mzizi ulikuwa mrefu kuliko shina. Wako wa miaka 6 utaukata tu, na wenyewe haupendi kutikiswa. Mwachie mpangaji mwingine apate bahati. Wewe chukua mbegu. Lakini usingoje maganda yakauke kabisa, maana yanajisokota na kupasuka, mbegu zinaruka mbali. Yakianza kupiga kahawia yafungie kitambaa chepesi. Ukifika, zipande kwenye vyungu virefu. Mwaka wa kwanza utaona majani tu, usinipigie simu kulalamika. Maua ni mwaka wa pili. Na yakija, yaliyonyauka yakate kabla hayajafunga maganda, ndipo mengine yatazidi kutoka.

Na wale watoto wako wawili waambie mapema: maganda yale yanafanana na ya njegere, lakini mbegu zina sumu. Mwanangu wa mwisho alinikuta nazo mkononi akadhani choroko, alikuwa keshafungua mdomo.

Zile 5 zilizobaki nimezitia kwenye kichupa cha dawa, kimekaa ndani ya friji nyuma ya maziwa. Nimeandika kwa kalamu nyekundu: SI CHOROKO. Juni inshallah nitazitoa, safari hii nizipande kwenye kivuli cha mwembe. Baba watoto ananicheka kila akifungua friji.

Wako,
shoga yako wa Wete