Mada ya insha itoke kwa mtoto

Mhariri,

Mwanafunzi wa darasa la nne akipewa "Likizo Yangu" huandika yale yale aliyokaririshwa: jogoo akawika, jua likachomoza, tukaenda kwa nyanya. Kosa si lake. Mada ni pana mno, na hakupewa muda wa kukumbuka.

Walimu wenzangu, tuanze na ramani. Kwa dakika 10 mtoto achore njia ya kutoka kwao hadi shuleni, atie alama pahali patatu palipomtokea jambo. Achague pahali pamoja, amsimulie jirani yake kwa dakika 2. Jirani aulize swali moja tu. Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo insha yenyewe. "Feri ya Likoni" bado ni pana. Kiatu kilichomtoka mtu katika msongamano wa kushuka kinatosha ukurasa mzima.

Ukiandika mfano ubaoni, darasa litauiga. Simulia wako kwa mdomo, kisha uufute akilini mwao kwa kuuliza yao. Wala tusimlazimishe mtoto kuwasomea wenzake mambo ya nyumbani kwao. Akiaibika mara moja, hataandika tena la kweli.

Mwalimu wa Kiswahili,
Kisauni, Mombasa