Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kuhifadhi

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Mkutano uliopita mlinipa uenyekiti wa baraza yetu ya mashairi mkijua fika kwamba mimi si mshairi. Hata mpenzi wa mashairi sikuwa. Skuli niliyosoma tulihifadhishwa kwa bakora, na mtihani ulipokwisha nikayasahau yote kwa furaha. Nayasema haya ili mjue taarifa hii inatoka kwa nani.

Kazi yetu ya mwaka ilikuwa moja: kuuhifadhi Utenzi wa Mwana Kupona, wasia ambao mama huyo wa kisiwa cha Pate alimtungia bintiye mwaka 1858. Beti mbili kwa wiki, na karatasi isivuke kizingiti cha baraza. Wapo waliotaka kila neno lielezwe kwanza, maana lugha yake ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, na sisi ni watu wa Pemba. Hoja yao ilikuwa nzito. Wengi walichagua kuhifadhi kwanza na kuuliza baadaye, na wenzetu watatu wakajitoa. Milango iko wazi kwao.

Mchumo wa karafuu ulipoingia, baraza yetu ya Wete ilibaki na watu wanne. Tukaamua kuwafuata wenzetu walipo, uani kwa mwanachama mmoja kule Gando, jioni, kwenye kuchambua. Unaokota kishada, unakisugua kiganjani, karafuu zinaangukia ungoni, makonyo unayatupa kando. Mikono inanata, ukitaka karatasi huna pa kuishikia. Kipande cha utenzi, yaani robo ya ubeti, kina mizani (silabi) nane, na nadhani hakuna aliyepanga, lakini muda si mrefu kila kishada kilikuwa kinakwenda na kipande chake.

Usiku mmoja bibi mwenye ua alikwama kwenye kipande cha nne cha ubeti. Tulitaka kumtajia, akatukataza kwa mkono. Alijua lazima kiishie kwa "ya", kama beti zote zinavyofungwa. Akawa anasema "ya, ya, ya" huku anasugua, mpaka neno likaja lenyewe, akacheka na kupangusa jasho kwa mtandio. Mimi kina, yaani hiyo sauti ya mwisho inayojirudia, nilikuwa nakiona pambo tu. Pale nikaona kuwa ni kamba ya kuvutia ndoo.

Makosa yetu nayo yametusomesha. Tulikuwa tunanyoosha Kiamu bila kujijua: "mato" tukasema "macho", "nti" tukasema "nchi". Mizani hazibadiliki, kwa hiyo ulimi haushtuki. Lakini neno hilo likikaa mwishoni mwa kipande, kina kimekufa, na sikio linajua kabla ya akili.

Kuhusu maana, nitatoa mfano mmoja. Mwenzetu anayevuka kila siku kwenda Fundo alilibeba neno "upulike" wiki mbili bila kujua ni nini. Siku moja chomboni mwanawe alikuwa akichezea simu, na yeye likamtoka: "Hebu nipulike!" Mtoto akanyanyua kichwa. Kumsikiliza, basi, ndiyo maana yake. Alipotusimulia, hakuna aliyedai tena orodha ya maneno.

Usiku wetu wa kughani utenzi mbele ya wageni haukwenda vizuri. Umeme ulikatika, mvua ikapiga mabati, na nusu ya wageni hawakusikia kitu. Mwakani tufanye mchana.

Tumefika ubeti wa 61. Utenzi una beti zaidi ya mia, kwa hiyo hatujamaliza, na kamati haikubaliani na wanaotaka tuongeze kasi. Tukimaliza, napendekeza tuingie kwenye mashairi ya Kamange na Sarahani, washairi wa kisiwa hiki hiki waliokuwa wakijibizana kwa tungo. Itakuwa aibu kumjua mama wa Pate na kutowajua wa nyumbani. Tahadhari tu: mshororo (mstari) wa shairi una mizani 16, na vina vya kati, vya katikati ya mshororo, navyo vinakudai.

Hesabu ataisoma mweka hazina. Kwa ufupi, fedha nyingi zimekwenda kwenye kahawa na kashata, na wanaolalamika ndio wanaokula zaidi.

Uchaguzi utafuata baada ya Alasiri. Kwa kanuni yetu, anayedaiwa beti hagombei mpaka azisome mbele ya wote. Mimi nadaiwa nne, kuanzia ubeti wa 58. Naomba mnyamaze kidogo, nianze.