Malalamiko kuhusu gampesti isiyokauka na unga wa CMC usioshika

Mamboleo, Kisumu
14 Aprili 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: GAMPESTI NA UNGA WA CMC NILIOUZIWA TAREHE 18 MACHI 2025

Mimi ni mwokaji keki ninayefanyia kazi jikoni kwangu hapa Mamboleo, na nimekuwa mteja wenu kwa miaka mitatu. Ninaandika kulalamikia bidhaa mbili mlizoniuzia, pamoja na jibu nililopewa kwa simu nilipoziulizia. Niliagiza pakiti nne za gampesti nyeupe (donge la sukari la kufinyangia mapambo ya keki, ambalo hukauka likawa gumu), za kilo moja moja, kwa shilingi 4,600, kichupa cha gramu 50 cha unga wa CMC (gamu inayotiwa kwenye donge la sukari ili likauke na kushika) kwa shilingi 600, na seti ya kalibu za silikoni za kiatu cha kisigino kirefu kwa shilingi 2,400. Pamoja na gharama ya kusafirisha mzigo, shilingi 300, nililipa shilingi 7,900 kwa M-Pesa, na mzigo ukanifikia kwa basi Ijumaa tarehe 21. Kuhusu kalibu sina neno. Ni safi, hazina harufu na vipimo vyake vinaoana.

Keki yenyewe ilikuwa ya mama aliyekuwa akitimiza miaka 60 Jumamosi tarehe 5 Aprili. Ameuza viatu vya mitumba katika soko la Kibuye tangu watoto wake wakiwa wadogo, na watoto hao, ambao sasa ni watu wazima, walitaka juu ya keki yake pawekwe jozi ya viatu vyekundu vya kisigino kirefu. Binti yake mkubwa alinieleza kwamba miaka yote hiyo mama yao alikuwa akiwajaribisha wateja viatu vya namna hiyo, kisha jioni anafunga mzigo na kurudi nyumbani na ndala zake. Niliposikia hayo nilijua kuwa kazi hii haitaki kubahatisha, na ndiyo maana niliagiza gampesti iliyo tayari badala ya kuchanganya yangu kama nifanyavyo siku zote.

Huenda atakayeisoma barua hii hajawahi kutengeneza kiatu cha sukari, kwa hiyo naomba nieleze kidogo. Soli husukumwa hadi unene wa milimita tatu hivi, ikakatwa, ikalazwa juu ya kalibu yenye mteremko wa unyayo, na ikaachwa saa 24 au zaidi mpaka iwe ngumu kama kisahani. Kisigino ni kipande kizima, kwa hiyo ndani yake hukauka polepole, na mimi hukipa siku tatu. Baada ya hapo ndipo viwili hivyo huunganishwa kwa aisingi ya ute wa yai, vikategemezwa kwa sponji mpaka kiungo kishike, na kamba na mapambo hufuata mwishoni. Uzito wote wa nyuma ya kiatu husimama juu ya ncha isiyozidi ukucha wa kidole gumba, kwa hiyo donge lisilokauka sawasawa haliwezi kuubeba hata ufundi uwe wa namna gani.

Nilianza Jumatatu tarehe 24 Machi. Alhamisi, baada ya siku tatu nzima, niliinua soli moja kwa ncha ya kisu, nayo ikajikunja na kuning'inia kama ulimi. Niliipa siku mbili zaidi, nikageuza kila kipande ili upande wa chini upate hewa, na Jumamosi nikajaribu kuunganisha. Asubuhi ya Jumapili nilikuta visigino vyote viwili vimeketi, ncha zake zimetanuka, na soli zimelala juu yake. Siku hiyohiyo nilichukua gampesti ya pakiti ya pili, nikaikanda na unga wenu wa CMC kwa kipimo cha kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 250, nikaifunga kwenye plastiki ilale usiku kucha, kisha nikakata soli mpya. Kufikia Jumanne jioni, tarehe 1 Aprili, nazo zilikuwa zinapinda vilevile.

Nilipowapigia simu asubuhi iliyofuata, kijana aliyepokea alinijibu kuwa tatizo ni unyevu wa Kisumu na kwamba wateja wa Nairobi hawajalalamika. Simkosei heshima, lakini jibu hilo silikubali. Ni kweli hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, na huu ni msimu wa masika. Sisi tunaofanya kazi hii hapa tunalijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana tunafunga madirisha, tunawasha feni, na tunaviweka viatu ndani ya oveni isiyo na moto ikiwa imewashwa taa yake tu. Siku hiyo nilikata vipande viwili vya unene mmoja, kimoja cha gampesti yenu, na cha pili cha fondanti ya kawaida, yaani donge laini la sukari la kufunikia keki, niliyoikanda na CMC ya mwokaji mwenzangu wa Kondele. Nilivilaza kwenye meza moja, mbele ya feni moja. Baada ya saa 24 cha pili kilivunjika kwa mlio, na chenu nilikikunja mara mbili kama kipande cha ngozi. Hewa ilikuwa moja.

Ndipo nikaichunguza pakiti. Juu yake kuna stika yenu yenye neno gampesti na maelezo kuwa hukauka ndani ya saa 24. Niliibandua kwa mvuke wa birika, na chini yake nikakuta lebo ya mtengenezaji inayosema kuwa hii ni fondanti ya kufunikia keki. Viungo vilivyoorodheshwa ni sukari, glukosi, mafuta ya mimea na glisarini, wala hakuna gamu ya aina yoyote. Glisarini hutiwa humo makusudi, kwa kuwa hushika maji na kuifanya fondanti ibaki laini juu ya keki kwa siku kadhaa. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana, na mimi mwenyewe huitumia. Kwa kisigino cha kiatu haifai, na aliyebandika stika hiyo alikuwa na lebo ya kweli mbele ya macho yake.

Kuhusu kichupa cha CMC, nilikoroga nusu kijiko katika vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu. CMC niijuayo hufanya uteute mzito unaopitisha mwanga, na ndio tunaoutumia kama gundi. Yenu ilifanya maji kuwa meupe kama maziwa, na kufikia asubuhi unga ulikuwa umetuama chini. Nilidondoshea tone la iodini kutoka duka la dawa, lile jaribio ambalo kila mtoto hulifanya shuleni, na mchanganyiko ukageuka buluu iliyokaribia weusi. Hiyo ni rangi ya wanga. CMC haifanyi hivyo.

Zilikuwa zimebaki siku mbili. CMC ya mwenzangu wa Kondele ilitosha, lakini muda wa kukausha visigino haukuwepo, na niliyoweza kuyakamilisha ni malapa bapa mekundu yenye kamba. Kwa hiyo mama aliyerudi nyumbani na ndala miaka yote hiyo akawekewa ndala juu ya keki yake pia. Binti yake hakunigombeza, ila aliyatazama kwa muda mrefu bila kusema neno, na nilimrudishia shilingi 3,000 katika bei tuliyokubaliana.

Stika hiyo ina ubaya mwingine ambao siwezi kuunyamazia. Ninao wateja Waislamu wanaoniuliza kila mara kama kuna jelatini, ambayo huweza kutokana na nguruwe, ndani ya mapambo, na nikiwajibu nategemea orodha ya viungo, ambayo ninyi mliifunika. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nazo ipasavyo, pamoja na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe shilingi 5,200 za gampesti na CMC, pamoja na zile shilingi 3,000 nilizomrudishia mteja wangu, jumla shilingi 8,200, kufikia tarehe 28 Aprili. Naomba pia stika hizo ziondolewe kwenye pakiti zilizobaki dukani, na wote walionunua bidhaa hizi mbili waarifiwe kwa namba walizolipia, kwa maana wapo watakaokuwa wanalaumu mikono yao wenyewe au mvua. Nisipopata jibu kufikia siku hiyo, nitapeleka pakiti na kichupa kwa Shirika la Viwango la Kenya.

Pakiti mbili ambazo sijazifungua, stika niliyoibandua, kichupa na picha za kila hatua ninazo, na mjumbe wenu anaweza kuja kuviona siku yoyote ya kazi kabla ya saa kumi jioni.

Wenu mwaminifu,
Mteja wa oda ya tarehe 18 Machi
Mamboleo, Kisumu