Picha nzuri zinaharibikia kwenye kuchapa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wapiga picha wenzangu. Nina studio ndogo Mwanjelwa, Mbeya. Mwaka jana mama mmoja wa Tukuyu alinirudishia picha ya kipaimara ya binti yake. Uso ulikuwa mwekundu kama tofali, na gauni jeupe limeingia ubluu. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, huyu ni mwanangu kweli?" Niliumia sana, maana kwenye kompyuta mtoto alionekana sawasawa.

Nililaumu wino, kumbe tatizo ni namna nilivyokuwa nachapa. Sasa natumia programu maalumu ya kuchapia, Qimage. Inaikuza picha mpaka ifikie nukta ambazo printa yenyewe inazitaka, 360 au 720 kwa inchi kwa Epson nyingi, kisha inainoa kulingana na ukubwa wa karatasi. Kope zinahesabika, na maua ya kitenge hayavurugiki.

Rangi nazo zinafuata profaili, yaani faili linaloieleza programu jinsi karatasi na wino unaotumia vinavyotoa rangi. Hapo ndipo wengi tunakwama: ukishaiachia programu kazi ya rangi, zima marekebisho ya rangi ya printa, la sivyo rangi zitarekebishwa mara mbili. Na ukitoka karatasi ya kung'aa kwenda isiyong'aa, badilisha profaili.

Wauzaji wa vifaa hapa mjini, tuleteeni karatasi zenye profaili zake, tafadhali.

Yule mama nilimchapia upya bila malipo. Aliitazama picha muda mrefu, akaifunga kwenye khanga.

Mpiga picha,
Mwanjelwa, Mbeya