Safari yetu ya Ngozi

Kikwajuni, Unguja

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sote hapa wazima, na mama anakusalimu sana. Barua yako ya Wete nimeipata juzi na nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema tupande mlima usiku ili alfajiri itukute ukingoni mwa Ziwa Ngozi, kule Mbeya, tulipige picha. Hilo tuelewane kabla ya kukata tiketi.

Alfajiri tumeizoea kwa sababu ya bahari. Ukisimama ufukweni Vumawimbi, huko Pemba, jua likichungulia tu, maji yote yameshika rangi, maana hakuna cha kulikinga. Ngozi sivyo. Lile ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano, urefu wake kama kilomita 2.5, na kuta zenye msitu zimelizunguka pande zote. Jua la asubuhi litapiga ukuta wa upande mmoja, chini maji yabaki kivulini. Mpaka lipande juu ndipo mwanga unaingia na ule ukijani unatoka. Tena ukungu wa asubuhi unaweza kulifunika ziwa lote usione hata tone. Rai yangu tuanze kupanda saa mbili asubuhi, polepole, na tukifika tukae pale pale hadi saa nane. Na tuweke siku mbili, isiwe moja. Tutoke Dar es Salaam zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, tupige picha za ukungu mtupu, kisha turudi? Roho itaniuma mwaka mzima.

Twende mwisho wa Juni. Masika yatakuwa yamepita na hewa bado safi; tukingoja Septemba, moshi wa mashamba yanayochomwa utatufichia milima ya mbali. Ila ujue kipupwe chetu hakifui dafu mbele ya baridi ya kule. Kilele cha Ngozi kina mita 2,620, na Masingini, ndiko juu kabisa kwa Unguja, ni mita mia na ushei tu. Chukua sweta zito na viatu vyenye meno, kwani kipande cha mwisho ni mwinuko mkali na udongo wa msituni huteleza. Betri tutaziweka mfuko wa ndani, zipate joto la mwili. Baridi huzimaliza upesi.

Lete lenzi yako pana, ile ya milimita 24. Mimi nitabeba tripodi na kichujio cha kukata mng'ao. Ukiyatazama maji kutoka juu, weupe wa mbingu hulala juu yake; ukikizungusha kichujio taratibu, weupe unaondoka, kijani kinabaki.

Kuteremka hadi majini sikubali, hata kijana wa kutuongoza akisema njia ipo. Picha tunayoitaka iko juu. Sisi tangu utotoni maji tunayaona yakiwa sawa na macho, au tumo ndani yake. Kuyainamia kutoka mlimani, yametulia katikati ya miti, hayana ngalawa wala upande wa kwendea, hilo sijaliona, na usiku hulifikiria mpaka usingizi unaruka.

Njoo Unguja siku tatu kabla, tutembee Masingini na mikoba ikiwa imejaa, tujue nini cha kupunguza. Nijibu upesi nikate tiketi za boti ya Dar. Nisalimie wazee na wadogo zako wote.

Wasalaam,
Sahibu yako